Mjomba Aliyefungua Mlango

Kilichonikosesha usingizi wiki ile, ukikitazama kwa nje, hakikuwa jambo kubwa. Mwalimu wa hesabu wa skuli moja ya wasichana huko Sur, pwani ya Oman, alikuwa anakwenda likizo ya uzazi, nami nilipigiwa simu kuulizwa kama nitashika nafasi yake mpaka arudi. Nijibu kabla ya adhuhuri ya Alkhamisi. Mtu mwengine angekubali simu ikiwa bado sikioni. Mimi nilisema nitafikiri, na kufikiri ndiyo maradhi yangu.

Miaka miwili ilikuwa imepita tangu nimalize chuo Nizwa, na muda wote huo nilikuwa nyumbani Ibra nikingoja kazi. Sasa imekuja, nikaanza kuitafutia kasoro. Wale wasichana wamemzoea mwalimu wao, watanipima siku ya kwanza. Nikishayajua majina yao nitaambiwa ahsante, kwaheri. Na watu wakiniuliza kama nimepata kazi nitasema nini? Nimepata, lakini ya mtu. Neno lenyewe, badala, nililigeuza kila upande na kila upande liliniuma.

Jumatano asubuhi Mama alichoka kunitazama nikizunguka sebuleni. Akanituma nyumba ya marehemu Bibi, mtaa wa pili, nikamletee sinia kubwa kutoka stoo. Sinia lilikuwa nyuma ya begi jeusi refu ambalo hakuna aliyeligusa tangu Bibi afe. Nililivuta, zipu ikaachia, na harufu ikanifikia kabla sijaona kitu. Ilikuwa harufu ya ngozi iliyolowa jasho ikakauka, ikalowa tena, miaka kwa miaka, na juu yake harufu tamu ya tende zilizopikwa. Sidhani kama duniani lipo begi jengine lenye harufu hizo mbili pamoja. Nilikaa chini sakafuni, sinia mapajani, nikawa na miaka tisa.

Miaka tisa ndiyo niliyokuwa nayo Mjomba Saleh aliporudi. Ni ndugu wa Mama, mdogo wake, lakini mimi nilikuwa namjua kwa picha tu. Alipokuwa mtoto, Bibi alimpeleka Sweden akalelewe na khalati yake, ndugu wa Bibi aliyehamia huko, kwa sababu siku zile nyumba ilikuwa na watoto wengi na nafasi ndogo. Alirudi mtu mzima, na begi hilo refu kuliko mimi, na pengo la meno mawili ya mbele, na kovu kidevuni. Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto. Khalati alimsemesha Kiswahili jikoni tu, basi alijua majina ya vyakula vyote na hakuwa na maneno ya kuongelea jambo jengine lolote. Bibi alipomuuliza safari ilikuwaje, alijibu, "Ndefu. Wali mbaya."

Mimi na yeye tulielewana upesi. Kwa maneno tulikuwa wa umri mmoja.

Mtaani ilikwisha kuenea kwamba Saleh wa Bibi alikuwa mchezaji Ulaya, analipwa kwa kucheza. Watu wakadhani mpira wa miguu, wakamletea watoto wao awafundishe kupiga penalti. Bibi akawa anawasahihisha mlangoni: anacheza mpira wa magongo, juu ya barafu. Wakimuuliza barafu ya wapi, anajibu, "Ya huko huko," na mazungumzo yanakwisha.

Mimi barafu niliyoijua ilikuwa ya aina mbili, ya friji letu na ile iliyosagwa kwenye gari la samaki lililokuja kutoka Sur. Siku moja nilimwomba muuza samaki ndoo nzima ya barafu, nikaimwaga kwenye vigae vya ukumbi, nikapanda juu na ndara zangu. Nilianguka chali. Nyumba ikanuka papa siku mbili. Tangu hapo niliamini kwamba nchi ya Mjomba yote inanuka samaki, na kwamba meno yake yalibaki kwenye ukumbi wa mtu.

Yeye alinieleza kwa vipande, kwa Kiswahili chake cha jikoni. Majira ya baridi ya kwanza, skuli nzima ilipelekwa kwenye barafu. Kila mtoto alivaa viatu vyenye chuma chini na kukimbia, yeye akawa hawezi hata kusimama. Asiyeweza kusimama huwekwa golini. Akawekwa golini, akashikilia mwamba asianguke, na kisahani cheusi cha mpira mgumu, ambacho kwao ndicho mpira, kikampiga kifuani na kurudi. Watoto wote wakamshangilia. "Sikufanya kitu," alinambia. "Nilikuwa nimesimama tu." Baadaye alijifunza kuteleza, lakini golini hakutoka tena. Alipokuwa na miaka kumi na tisa timu ya mji mmoja mdogo ikampa mkataba, kisha mji mwengine, kisha wa tatu. Alizeeka mapema kwenye nyonga, kwa kupiga magoti na kuinuka kila siku. Timu ya mwisho ilipoacha kumhitaji, ndipo aliporudi kwa mama yake.

Alirudi wakati wa kupika tende. Wenye mitende huku kwetu Sharqiyah wanajua kazi hiyo ilivyo. Tende zinakatwa zikiwa za manjano bado, zinachemshwa kwenye masufuria makubwa ya shaba, halafu zinamwagwa uwanjani kwenye jua na kugeuzwageuzwa mpaka zikauke zikunjike. Skuli zimefungwa, kwa hivyo watoto wote wamo kazini. Moshi wa makuti unaingia machoni, nyigu wanazunguka, na miguu inanata kwa sukari.

Siku ya pili ya kupika, Bibi alisimama uwanjani mikono kiunoni. Reki yake ilikuwa imevunjika mpini. Akamtazama Mjomba, aliyekaa kivulini na begi lake wazi.

"Saleh, hicho kijiko chako kipana kina kazi?"

"Si kijiko, Mama. Ni gongo."

"Lina kazi sasa hivi?"

Mjomba alifikiri. Nakumbuka alifikiri kweli, kama aliyeulizwa jambo zito.

"Hapana."

"Basi lilete."

Gongo la golikipa ni pana chini, si kama la wachezaji wengine, na ubapa wake umelala sawasawa na ardhi. Hakuna chombo kilichopata kugeuza tende vizuri kama kile. Bibi alilisukuma mara moja, tende zikajipanga, akasema, "Kumbe hukupoteza muda wako huko." Wanawake wote wakacheka. Mjomba naye akacheka, pengo lote nje, akachukua kazi ya kugeuza tende mpaka mwisho wa msimu.

Lakini kila asubuhi, kabla ya kuanza, alikaa chini akalibandua gongo utepe wa jana, uliojaa utomvu wa tende, na kulizungushia mpya. Utepe mweusi wa kitambaa. Ulipovutwa ulitoa sauti kama kanga inayochanwa. Alianzia ncha akaenda nyuma, mzunguko juu ya nusu ya mzunguko, akaulainisha kwa kidole gumba.

"Mbona unalifunga na litachafuka tena?" nilimuuliza.

"Gongo halishikwi bila kufungwa."

"Hata kwa tende?"

"Hata kwa tende."

Ijumaa moja alituwekea diski ya mechi yake kwenye televisheni ya Bibi. Tulikaa mimi, Mama na Bibi. Watu walikuwa wakipita kwa kasi mpaka macho yakauma, wakigongana ukutani, na mimi nikimtafuta golini. Golini alikuwa mtu mwengine.

"Mjomba yuko wapi?"

"Yule pale."

Alikuwa mwisho wa benchi, amevaa kofia badala ya helmeti, karibu na kilango kidogo kwenye ukuta wa mbao. Mchezaji akitoka uwanjani, Mjomba anafungua. Akiingia mwengine, anafungua tena, anafunga. Wanatoka wanaingia kila dakika, naye hachoki. Nilitazama mpaka mwisho. Kisahani hakukigusa. Bibi alikuwa amesinzia na Mama alikuwa anachambua mchele, kwa hivyo niliyeona ni mimi peke yangu.

Basi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Mjomba hakuwa mchezaji. Alikuwa bawabu, kama yule mzee wa geti la hospitali. Nilimwonea huruma iliyonijaa kifua. Nikajiapiza kumtunzia siri yake, na kila watu walipouliza habari za uchezaji wake nilibadilisha maneno, nikijiona mtu mkubwa.

Bibi wakati huo alikuwa amepeleka posa Al Kamil, mji ulioko njia ya Sur. Msichana alikuwa mwalimu, wa jamaa waliotoka Unguja kama sisi, na Mjomba alikuwa amemwona mara mbili na kila mara alirudi nyumbani akiimba kwa Kiswidi. Kabla ya jibu, wanawake wa upande wa msichana wakaja kututembelea. Kwa jina walikuja kutazama tende. Walitandikiwa jamvi ukumbini, wakaletewa kahawa na halua. Mjomba alikuwa uwanjani, hatua chache tu, akigeuza tende zake. Mimi nilikuwa nazungusha sahani ya matunda, nimevalishwa gauni la Idi.

Shangazi yake msichana, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, alinivuta mkono akanikalisha karibu yake.

"Na wewe, mtoto mzuri, mjomba wako ulimwona kwenye televisheni akicheza?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini alikuwa ananitazama kwa upole sana, na kudanganya nilikuwa nimekatazwa. Nikaona nitasema kweli, lakini nitamsifu.

"Hachezi," nikasema. "Anafungua mlango. Lakini anafungua vizuri sana. Hajachelewa hata mara moja."

"Mlango?"

"Wa wachezaji. Wanatoka, anafungua. Wanaingia, anafungua."

Kisha mmoja wao akacheka puani, akakificha kicheko kwenye kikombe. Shangazi mtu akasema, "Ala. Kumbe," na akaachia mkono wangu taratibu. Bibi akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa. Nilipogeuka, sauti ya gongo uwanjani ilikuwa imekatika. Mjomba alikuwa amesimama, mikono yote miwili juu ya mpini, anatutazama.

Kwetu neno hapana halisemwi, linanyamaziwa. Wiki ilipita, ikapita ya pili. Tende zikakauka, zikatiwa magunia, na kutoka Al Kamil hakuna aliyekuja. Siku magunia yalipoondoka Mama alinishika sikio jikoni, si kwa nguvu, akasema maneno ambayo nadhani yeye mwenyewe ameyasahau: "Umemvunjia mjomba wako nyumba kabla hajaijenga."

Jioni ile nilimfuata Mjomba pale alipokaa. Alikuwa anafunga gongo utepe mpya ingawa tende zimekwisha. Nilikaa nikingoja kupigwa.

"Ulihesabu?" aliniuliza bila kuinua macho.

"Nini?"

"Mlango. Ulisema sijachelewa hata mara moja. Ulihesabu?"

"Ndiyo. Arobaini na moja. Halafu nikapotea."

Alicheka mpaka akaweka gongo chini. Mimi sikucheka. Niliamini kwamba kile ni kilio na kwamba watu wazima wana njia zao za kulia. Sikumuuliza tena, si mwaka ule wala baadaye. Lakini tangu siku ile kila neno kabla halijatoka mdomoni nimelipima, nikalirudisha, nikalipima tena. Wengine wanasema nina adabu. Mimi najua ninaogopa sahani ya matunda.

Mjomba hajaoa mpaka leo. Msichana wa Al Kamil aliolewa Muscat.

Hayo yote yalinirudia stoo, Jumatano, na mara hii sikuyapima. Nilimpelekea Mama sinia lake, nikatia begi garini, na asubuhi ya Alkhamisi nikashika njia ya Al Mintirib. Mjomba anaishi huko, kwenye kambi moja ya watalii pembezoni mwa jangwa la mchanga. Kazi yake ni gari la kuokoa. Siku nzima anakaa na kamba, koleo na redio akingoja mtu anase mchangani.

Nilimkuta kwenye kibanda cha makuti, ndevu zimekuwa nyeupe, anapima upepo wa matairi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi njoo kivulini. Umekuja na uso wa tanzia."

Nilimpa begi. Alilifungua, akatoa gongo, akalinusa upande mpana.

"Bado tende," akasema. Alifurahi kama mtoto.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakapotea. Nikamwambia tu kwamba naomba radhi kwa siku ile ya wageni, kwamba nilijua nimemvunjia posa na sikupata kusema. Akavuta ndoo akaikalia.

"Baba yake msichana alikuja mwenyewe kuniona," alisema. Kiswahili chake siku hizi kimekomaa, lakini bado kinakwenda polepole. "Hamkujua. Alikuja baada ya siku mbili, tukazungumza garini kwake. Akaniuliza, ni kweli ulikuwa unafungua mlango? Nikamwambia kweli. Mimi golikipa wa pili. Wa kwanza anacheza, wa pili anakaa na mlango. Akaniuliza, miaka yote? Nikamwambia miaka tisa, na mechi nilizocheza kumi na moja. Akasema, basi wewe waambie watu hizo kumi na moja, yule mtoto alikosea, na mambo yatakwisha."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mtoto hakukosea. Mlango ndio ulikuwa kazi yangu. Asubuhi mazoezini wananipiga visahani mia tatu, usiku wa mechi nafunga gongo langu na najua sitacheza, nakwenda kukaa. Miaka tisa. Nikisema ni kumi na moja tu, hiyo mingine yote nimpe nani?" Akapangusa gongo kwa kiganja. "Hakupenda. Alitaka mkwe wa kuelezwa kwa watu kwa maneno mawili. Basi ile posa nimeivunja mimi. Wewe ulifungua mlango tu."

"Hujajuta?"

"Nimejuta sana. Alikuwa mzuri yule." Alisema hivyo bila kunitazama, na nilimshukuru kwa kutonidanganya. "Lakini nimejuta mimi, jambo langu. Wewe unajutia nini, ulikuwa na miaka tisa na hesabu yako ilikuwa sawa."

Ndipo nikamwambia habari ya Sur. Nilizungumza kwa haraka, wasichana, mwalimu wao, likizo, watu wataniuliza, na saa ilikuwa nne na nusu. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikamuuliza jambo ambalo sikupata kuliuliza. Mara ya kwanza kati ya zile kumi na moja, ilikuwaje?

"Mbaya. Mwenzangu aliumia goti katikati ya mechi. Mimi nimekaa zaidi ya saa, mwili umepoa, mikono kama mbao. Nikaingia. Kisahani cha kwanza kikapita katikati ya miguu yangu. Watu elfu nzima wakaguna."

"Halafu?"

"Halafu kikaja cha pili."

"Ukakizuia?"

"Kwa bega. Sikukiona hata kidogo."

Redio ikakoroma. Familia moja ilikuwa imenasa na gari yao nyuma ya kilima cha tatu, na mtoto anatapika. Mjomba alisimama, nyonga ikalia, akakamata kamba. Kabla ya kupanda gari alirudi, akaingiza mkono ndani ya begi, akanirushia kitu. Nilikidaka. Ulikuwa utepe mweusi, nusu yake umetumika, umekauka kidogo pembeni.

"Haushiki tena," nikasema.

"Si wa kushika. Nenda."

Nilitazama vumbi la gari lake mpaka likatulia. Kisha nikapanda mlima mdogo wa mchanga nyuma ya kambi, mahali simu inaposhika, viatu mkononi, na nikapiga Sur. Mwalimu mkuu alipokea. Nilikuwa na sentensi nzuri tayari, yenye shukrani na udhuru wa kuchelewa kujibu. Nikasema, "Nakuja Jumapili."

Jumamosi nilipita Al Kamil, njia ni hiyo hiyo, na sikupunguza mwendo. Usiku, kwenye chumba nilichopanga Sur, niliandaa somo la kwanza mara tatu. Asubuhi ya Jumapili, wiki ya skuli inapoanza huku, nikasimama mbele ya wasichana thelathini, na mmoja wa mstari wa nyuma akauliza, kwa adabu lakini kwa sauti ya wote, mwalimu wao anarudi lini.

"Akimaliza likizo," nikasema. "Mpaka siku hiyo niko hapa."

Hesabu ya kwanza niliikosea ubaoni. Alama ya kutoa niliisahau mstari wa pili, na msichana yule yule ndiye aliyeiona. Darasa likaguna. Mkono mmoja ulikuwa mfukoni, umeshika utepe. Nikaifuta, nikaandika ya pili.